Sakafu Iliyokataa Kupinda

Siku mama mkwe alipokuja kwangu kwa mara ya kwanza, kabla sijamwoa binti yake, nilikuwa nimefagia, nimepiga deki, na nimeazima kapeti kwa jirani. Hakulikanyaga. Alisimama mlangoni akatazama juu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akauona ubao mmoja uliopita juu ya kitanda changu bila kuufikia ukuta wa upande wa pili.

"Kijana, huu unashikilia nini?"

Nikamwambia sijui, niliukuta.

"Haushikilii kitu. Unashikiliwa. Hamisha kitanda."

Nilihamisha kitanda, na ndoa ikafungwa. Ubao ule haujaanguka mpaka leo. Kila nikimkumbusha hivyo ananijibu neno moja tu: "Bado."

Mama ni mhadhiri. Anawafundisha wanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa pili, somo ambalo kwenye ratiba lina jina refu la kutisha lakini chuo kizima kinaliita Sakafu na Paa. Wanafunzi wamempa jina la Boriti, na yeye analijua, na sidhani kama linamuudhi. Watu wengine huona kibanzi kwenye jicho la mwenzao. Yeye huona boriti, kisha huuliza imeegemea wapi.

Mimi ni mwokaji mikate. Nasema mapema ili mtu asinitafutie utaalamu. Kila ninachokijua kuhusu majengo nimekipata kwenye gari la mikate, asubuhi, nikimpeleka chuoni. Yeye hukaa mbele, trei hukaa nyuma, na njia nzima ananifanyia mimi mazoezi ya somo la siku hiyo. Nikikosea swali ananyamaza mpaka kwenye mzunguko wa barabara, halafu analiuliza tena kwa maneno mepesi zaidi, kama unavyomkatia mtoto nyama.

Somo la sakafu huanza kwa rula. Anailaza rula ya plastiki juu ya vitabu viwili, anaibonyeza katikati kwa kidole, inazama. Kisha anaisimamisha kwa ubavu, anabonyeza tena, haitikisiki. Rula ni ile ile na kidole ni kile kile. "Mbao ikilala, na wewe utalala," anawaambia. "Isimamishe." Halafu anawafuatilisha uzito safari yake: mtu anakanyaga ubao, ubao unaipa boriti, boriti inaupa ukuta, ukuta unaupa msingi, msingi unaipa ardhi. Hakuna anayebaki na mzigo, kila mmoja anampasia mwenzake. Mwaka mmoja mwanafunzi alisema hivyo ndivyo ofisi ya serikali inavyofanya kazi, na Mama akampa alama za ziada.

Kwa paa anawaita wawili mbele. Wanaegemeana viganja kwa viganja, kisha anawaamuru warudi nyuma kidogo kidogo. Miguu inaanza kuteleza. Darasa linacheka, wale wawili hawacheki. "Mnaona? Paa halianzi kwa kuanguka chini," anasema. "Linaanza kwa kusukuma nje. Ukuta ndio wa kwanza kulia." Anawafunga kamba, kifundo cha mguu cha huyu kwa kifundo cha yule, na miguu haitelezi tena. Kamba hiyo ndiyo ubao wa chini wa kenchi, ile pembetatu ya mbao inayobeba paa, ule ambao kila mwenye nyumba anataka kuukata ili sebule yake ionekane kubwa. Mama akisikia kuna mtu kaukata hupoteza hamu ya chakula.

Hata methali hawezi kuziacha zipite. Ukimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, anakuuliza kwanza ufa umetoka wapi. Ukimwambia haba na haba hujaza kibaba, anataka kujua kibaba kimewekwa juu ya nini. Nimeishi naye jirani miaka mingi na nimejifunza kusema mambo yangu bila mapambo.

Lakini kilichomfanya ajulikane chuo kizima ni kiti. Kila mwaka darasa lake hujenga sakafu moja ya mbao, ukubwa wa chumba kidogo, kwenye karakana ya chuo, ikiegemea kuta mbili fupi za matofali zinazofika kiunoni. Wanachora wenyewe, wanapiga hesabu wenyewe, wanapigilia misumari wenyewe, na kwa kawaida wanajigonga vidole wenyewe. Siku ya kukabidhi, Mama huleta kiti kutoka nyumbani, hupanda ngazi, hukiweka katikati ya sakafu ile na kukaa. Halafu anatoa gololi mfukoni na kuiweka chini, mbali kidogo na kiti. Sakafu ikipinda kwa uzito wake, hata kama jicho halioni, gololi itaona, na itabingirika polepole kuja katikati. Akishaiona inakuja, anaanza kufundisha somo la paa akiwa kule kule juu, kipindi kizima.

"Sakafu nzuri hupinda kidogo," huwaambia. "Inakuambia kwamba imekupokea. Isiyopinda hata chembe inakuficha jambo."

Kisha akavunjika nyonga. Wengi walidhani ameanguka juu ya paa la mtu, maana hupanda mapaa ya watu bila kualikwa. Hapana. Aliteleza bafuni, kwenye sakafu ya zege iliyokuwa imara kuliko zote nyumba ile. Tulipomkuta amelala pale, jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba sakafu haina kosa, kosa ni la sabuni.

Walimpasua, wakamwekea chuma, akarudi kutembea kwa mkongojo. Daktari alimruhusu kufundisha. Hakumruhusu kupanda chochote. Akianguka tena, alisema, hatamwahidi mtu kwamba mama huyu atasimama.

Msimu wa sakafu ulipokaribia, nyumbani hapakukalika. Mke wangu anafanya kazi duka la dawa na ana sauti ya upole, lakini kwa mama yake huipandisha.

"Mama, mwaka huu hukai."

"Nakaa."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu ni mimi," Mama akasema, "na guu ni langu."

Mkuu wa idara, mtu mwenye nia njema na tai kila siku, alishauri waweke mifuko ya mchanga juu ya sakafu badala ya mwalimu. Ina uzito ule ule, alisema, na haihitaji bima. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba mfuko wa mchanga ukianguka, mwanafunzi anachukua ufagio. Yeye anataka wajenge wakijua kuna mtu.

"Ninawafundisha wawawekee watu sakafu chini ya miguu," alisema jioni ile mezani kwetu. "Siku nitakayoshindwa kukaa juu ya ile niliyoifundisha, nitarudisha chaki. Sitangoja niambiwe."

Na alikuwa hatanii. Tulijua sote kwamba bila darasa lile angebaki nyumbani akitazama dari. Kwa hiyo hatukuwa na njia nzuri. Akikaa, huenda nyonga ikavunjika tena. Asipokaa, amekwisha kazi, na kwa mama mkwe wangu kazi ndiyo yeye mwenyewe.

Mke wangu alinivuta jikoni. Tuna watoto pacha, hivyo huniita Baba Pacha, na akiniita hivyo kwa kunong'ona najua nimeshatumwa.

"Baba Pacha, wewe ndiye unayempeleka. Siku hiyo sema gari limeharibika."

Nikamwahidi. Gari langu huharibika mwaka mzima bila kuombwa. Siku hiyo, Mama akiwa amesimama pembeni na mkongojo wake, niligeuza ufunguo na likawaka mara moja, likanguruma kama jipya. Mama akapanda, akafunga mkanda.

"Hata gari limekubali," akasema.

Kiti hakikuwa nasi. Mke wangu alikuwa ameondoka nacho mapema, akasema atakipeleka mwenyewe karakana halafu aende kazini, maana Mama hapaswi kubeba. Niliona ni dalili ya kusalimu amri, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mwanamume anaweza kuwa kwenye ndoa muda mrefu na bado akawa mgeni.

Karakana ilikuwa imejaa. Wanafunzi walisimama kuizunguka sakafu yao wakiwa kimya kuliko kawaida, na mbele yao kiongozi wao, kijana mmoja mrefu kiasi kwamba wenzake humwita Mlingoti. Sakafu ilikuwa safi. Boriti zake zilisimama kwa ubavu kama rula ilivyoagiza, na mbao za juu zilibanana vizuri. Kitu kimoja tu kilikuwa kipya: upande wa mbele, kuanzia ukingo wa sakafu mpaka chini, walikuwa wamepigilia karatasi ngumu za maboksi, hivyo huwezi kuona uvunguni.

"Mbona mmeivalisha sketi?" Mama akauliza.

"Vumbi, Mwalimu," Mlingoti akasema. Jicho lake lilikuwa kwenye viatu vyake, na kwa urefu wake hiyo ni safari.

Mama aliitazama tena ile sketi, akanisogelea. Alishika bega langu kwa mkono mmoja na reli ya ngazi kwa mwingine, akapanda. Kila kipandio alikipumzikia. Niliogopa, na sioni haja ya kulipamba hilo. Alipofika juu aliliachia bega langu, akatembea kwa mkongojo mpaka kwenye kiti, ambacho binti yake alikuwa ameshakiweka katikati, akakaa. Kiti chenyewe ni kifupi, cha sebuleni. Akavuta pumzi, akapeleka mkono mfukoni, akaitoa gololi na kuiachia mbele yake.

Gololi ikasita. Kisha ikaanza kwenda, lakini haikwenda kwake. Ilimwacha, ikabingirika kuelekea ukingoni, ikaongeza mwendo, ikadondoka kwenye zege na kugonga tak, tak, tak mpaka chini ya meza ya randa. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Mlingoti," Mama akasema. "Mimi nimekaa katikati. Gololi imekimbilia pembeni. Nieleze."

"Labda sakafu ni imara sana, Mwalimu."

"Imara mpaka inanibenua?"

Msichana mmoja nyuma ya Mlingoti akaanza kulia bila sauti, na hapo mambo yakawa yamekwisha.

"Tusamehe, Mwalimu," Mlingoti akasema. "Kuna nguzo chini, katikati. Tuliogopa."

"Mliogopa nini?"

"Nyonga."

Alilitamka neno hilo kwa heshima, kana kwamba ni mzee wa ukoo. Nilimjua Mama vya kutosha kuona kwamba amekasirika, na chini ya hasira ameumia. Mashavu yake yalishuka.

"Hesabu zenu zilisema nini?"

"Zilisema sakafu itabeba."

"Nani alizikagua?"

"Wewe, Mwalimu."

"Basi msiisingizie nyonga. Hamkujiamini ninyi, na hamkuniamini mimi. Mmepigilia na maboksi juu yake." Akageuka kunitazama. "Baba Pacha, ingia chini uitoe."

"Ukiwa umekaa juu, Mama?"

"Nikishuka itabeba nini?"

"Kwa nini mimi? Wapo vijana hapa wanaosomea."

"Wao wanatetemeka. Wewe hujui cha kuogopa."

Nilibandua karatasi za maboksi nikaingia uvunguni kwa magoti. Nimesikia wakwe wengi wakilalamika kwamba mama mkwe amewakalia. Mimi pekee ninaweza kuonyesha mahali. Katikati palikuwa na nguzo fupi ya mbao, na juu ya nguzo ubao mwingine umepita ukizikumbatia boriti zote. Chini ya nguzo, kati yake na zege, kulikuwa na vipande viwili vya mbao vilivyochongwa, kila kimoja kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine.

"Umeiona?" sauti ya Mama ikatoka juu, kupitia mbao.

"Nimeiona. Chini yake kuna kabari mbili."

"Zimekaaje?"

"Zimelaliana. Moja imetazama huku, nyingine imetazama kule."

Nikasikia mkongojo wa Mama ukihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Kabari za kulaliana ni somo la mwaka wa tatu," akasema taratibu. "Hawa sijawafundisha. Mlingoti, binti yangu alikuja hapa kufanya nini?"

"Alileta kiti, Mwalimu." Kisha, baada ya kumeza mate: "Na nyundo."

Wasichana wengine walilelewa na wanasesere. Mke wangu alilelewa na vipande vya mbao chini ya meza ya kuchorea ya mama yake, na kabla hajajua kufunga kamba za viatu alijua namna ya kuweka kabari mbili zinazotazamana, ukigonga hii na ile, mpaka mguu wa meza uache kucheza. Nilikuwa nazitazama kwa macho yangu. Mwanamke huyu hawezi kunificha hata zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa, na hili alikuwa amelibeba wiki nzima akinipakulia chakula.

"Mama," nikasema kule chini, kwa sauti ndogo, "tuiache tu. Nani atajua?"

"Gololi imeshajua." Halafu akaongeza kwa sauti ambayo hana darasani, sauti ya nyumbani: "Amezikaza mno. Usiivute ghafla. Igonge ya juu kwenye ncha yake nyembamba, kidogo, ngoja, kidogo tena. Halafu toka."

Mlingoti akanipa nyundo kupitia ukingoni. Niligonga. Hakuna kilichotokea. Niligonga tena. Kabari ikarudi nyuma upana wa ukucha, na juu ya pua yangu boriti zikatoa mlio mrefu, mlio wa kitanda cha mtu mzima akigeuka. Nilimkumbuka mke wangu, nikawakumbuka pacha, nikaikumbuka hata tanuri niliyoiacha na msaidizi. Nikagonga mara ya mwisho. Nguzo ikalegea, ikainama begani kwangu bila uzito wowote, na sakafu ikashuka.

Ikashuka labda upana wa kidole. Nilikuwa pale, niliona. Kisha ikakaa.

Nilitoka kwa magoti, nguzo mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mama alikuwa amekaa pale pale, mkono mmoja umefunika mdomo. Nilidhani ameumia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

"Imenipokea," akawaambia. "Mmeisikia ikinipokea? Basi chukueni kalamu. Paa."

Akafundisha. Akafundisha kipindi kizima akiwa juu, kuhusu mapaa ya mteremko mmoja na ya miteremko miwili, kuhusu mahali maji yanapotaka kwenda na kwa nini usibishane nayo, kuhusu upepo unaolivuta paa juu wakati ninyi mnahangaikia lisianguke chini. Aliwaita wawili waegemeane viganja, wakateleza, wakafungwa kamba. Safari hii hakuna aliyecheka sana. Walikuwa wanaandika kila neno, na kila mara jicho moja lilikwenda kwenye miguu ya kiti.

Kengele ikalia. Mama akaweka mkongojo sawa, akasukuma mkono wa kiti, akainuka nusu, akarudi chini. Akajaribu tena. Nyonga ikakataa. Kiti kilikuwa kifupi mno na alikuwa amekaa muda mrefu mno, na nadhani hilo halikuwa kwenye hesabu zozote. Nikaweka mguu kwenye ngazi.

"Wewe kaa hapo, Baba Pacha," akasema. "Hukuijenga." Akawatazama wanafunzi. "Siwezi kuinuka. Njooni mnitoe."

Hakuna aliyesogea. Ndipo nilipoona kitu ambacho nadhani na yeye ndiyo kwanza anakiona, miaka yote hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuikanyaga sakafu ile baada ya kuimaliza. Waliijenga, wakaipigia msasa, wakasimama pembeni wakingoja mtu mwingine apande.

"Mwalimu, tutakuwa wengi," Mlingoti akasema.

"Mlichora sakafu ya chumba gani?"

"Chumba cha kulala."

"Cha mtu mmoja asiye na ndugu?"

Mlingoti akapanda kipandio cha kwanza, akasimama, akashuka, akavua viatu.

"Viatu havitakuokoa," Mama akamwambia. "Vaa, usije ukakanyaga msumari."

Akavaa. Akapanda. Yule msichana aliyekuwa akilia akamfuata, na mwingine nyuma yake akishika shati la mwenzake. Walitembea kama watu wanaopita kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Sakafu ilipinda tena, kidogo, chini ya watu wanne, ikalia, ikanyamaza. Wakamshika Mama huku na huku wakamwinua. Mlingoti alikuwa anatetemeka mpaka mkongojo unatetemeka naye, na usoni alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu anayefanya mtihani.

Njiani Mama hakuniuliza swali lolote, si la sakafu wala la paa. Tulipita mzunguko wa barabara kimya. Nilijua amechoka, na nilijua pia kuna jambo analipima.

Mke wangu alikuwa nyumbani kabla yetu. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, au hakwenda kabisa, sikuuliza. Alisimama sebuleni akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Mama akaketi kwenye kochi, polepole, akauweka mkongojo magotini.

"Ulizikaza mno," akasema.

Mke wangu hakujifanya haelewi. "Nilijua utajua."

"Kabari hukazwa mpaka ishike. Wewe umeninyanyua na kiti changu."

"Nilitaka usianguke, Mama. Sikuweza kulala. Nikifumba macho nakuona uko chini pale bafuni."

"Najua." Mama akaipapasa mikunjo ya gauni lake. "Sitakaa tena."

Maneno hayo ndiyo mke wangu aliyoyaombea msimu mzima, kwa kubembeleza, kwa kununa, kwa methali na kwa nyundo. Nilitegemea ashukuru. Badala yake aliziachia nguo, akakaa kwenye mkono wa kiti na kuanza kulia kwa sauti.

"Kwa nini? Sakafu ilifanya nini?"

"Sakafu haikufanya kitu. Ilinibeba mimi na watoto watatu. Watakaa wao, kila mwaka, wenyewe juu ya chao. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo."

"Na chaki? Ulisema ukishindwa kukaa utairudisha."

Mama akafikiri. Anapofikiri hutazama juu, na hapo juu pana dari yetu, ambayo haipendi.

"Nilisema nikishindwa kukaa," akasema. "Kukaa sikushindwa. Nimeshindwa kuinuka. Nitafundisha nikiwa chini."

Nilitaka kucheka lakini sura ya mke wangu haikuniruhusu. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayeangalia kitu kilichokuwa kikubwa sana zamani. Mama akanyoosha mkono.

"Njoo uninyanyue sasa, nataka kunawa. Hapa huna haja ya maboksi."

Mke wangu akaja na macho yake yaliyolowa, akapitisha mkono chini ya kwapa la mama yake, akaushika mkono wa pili kwa nguvu zake zote.

"Taratibu," Mama akasema. "Usikaze mno."

Akakaza vile vile.